Tarishi Aliyezaliwa Mara Mbili

Vijana wakiniuliza siku hizi namna nzuri ya kuandika programu moja ikafanya kazi kwenye kompyuta za kila aina, nawajibu kitaalamu. Nawaambia watenge kilicho cha mashine na kilicho chao, na wasiiachie mashine iwaamulie jambo ambalo wangeweza kuliamua wenyewe. Wanaandika kwenye madaftari, wanashukuru, wanaondoka. Huwa siwaambii kwamba somo lenyewe nilifundishwa na tarishi mmoja wa Dodoma aliyekuwa na shamba la mtama kule Msalato, na kwamba aliyeumia katika kunifundisha ni yeye.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Dodoma yaliyozoea kuuza viberiti na sabuni za mche yalianza kujaa redio za kaseti na jeans za mtumba, na ofisi yetu nayo ikapata kompyuta. Zilikuja kila moja kwa njia yake. Za kijivu tulinunua kwa mfanyabiashara aliyezitoa Dubai, tukaziweka kwenye jengo la zamani, pamoja na masijala. Nyeupe zililetwa na wafadhili wa mradi, zikakaa jengo jipya ng'ambo ya mlingoti wa bendera, zikiwa na kiyoyozi chao na printa moja nzuri ajabu. Hizi za kijivu na hizi nyeupe hazikuelewana kwa lolote. Programu ya huku haikufunguka kule. Disketi ya huku ukiichomeka kule, mashine inakuuliza kama unataka ifutwe.

Mimi niliajiriwa niandike programu ya kumbukumbu za watumishi. Nilikuwa msichana wa Iringa mwenye cheti kipya na kiburi kipya, na hasira zangu zilikuwa karibu kama kiberiti mfukoni. Mwenzangu alikuwa kijana wa Kondoa, mpole, mtu wa kuswali kwa wakati na kunywa chai ya rangi isiyo na sukari. Mimi nilipewa mashine za kijivu, yeye nyeupe.

Siku ya kwanza kabisa aliniambia, "Dada, tuandike moyo mmoja, halafu tuuvalishe nguo mbili. Mahesabu na kumbukumbu tuandike mara moja tu. Kila mashine iwe na sura yake kwa nje, basi."

"Na huo moyo utaisha kuandikwa lini?" nikamuuliza. "Bosi anataka kitu cha kuwaonyesha wafadhili Januari. Wewe andika yako, mimi niandike yangu, tutakutana njiani."

Hakuwa mtu wa kubishana. Tukaandika programu mbili, mbili kabisa, kama wake wenza wanaopika kwenye majiko mawili. Tulikutana mahali pamoja tu: faili la maandishi matupu ambalo mashine yangu ililitoa na mashine yake ikalisoma, kwa msaada wa kijiprogramu cha kufanya disketi zikubaliane. Mimi niliingiza kumbukumbu kutoka masijala. Yeye alichapa orodha na barua, kwa kuwa printa nzuri ilikuwa kwake.

Masijala ilishikwa na mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Majalada yote ya watumishi yalipita mikononi mwake, na hakuna lililowahi kupotea. Alikuwa na desturi yake ya kuandika tarehe: siku kwa namba, mwezi kwa maneno, mwaka kwa namba zote nne. Nilipompelekea fomu yangu mpya yenye visanduku vya namba tupu, aliigeuza mbele na nyuma.

"Mwanangu, mwezi una jina lake," alisema. "Mbona unauita namba?"

"Mama, kompyuta inapenda namba."

"Na watu je?"

Nilicheka. Nilimwambia mwenzangu jioni ile kwamba mama wa masijala anataka tuchape barua kwa wino wa bluu na kuzikausha kwa chokaa. Mwenzangu hakucheka. Lakini mama alijaza fomu zangu kama nilivyotaka, kwa namba, akinung'unika chini chini, na ndipo nikaona jambo ambalo nilikuwa silijui. Wazee wengi, wahudumu, madereva, wapishi, wote walikuwa wamezaliwa tarehe mosi ya mwezi wa saba.

"Hao hawakujua siku yao," mama alinieleza. "Mtu akiajiriwa anajua mwaka tu, na wengine hata mwaka wanaukisia. Basi ofisi inamwandikia tarehe mosi Julai, katikati ya mwaka, asipunjike yeye wala serikali. Ndiyo desturi yetu tangu zamani."

Niliona ni jambo la kuchekesha, nikaingiza kumbukumbu zao zote: 1/7, 1/7, 1/7. Nilikuwa nachapa haraka sana siku hizo na nikijiona bingwa.

Mmoja wa hao alikuwa tarishi wetu. Mzee mrefu, mkavu, wa kutoka Mlali upande wa Kongwa, mwenye baiskeli nyeusi na mfuko wa kaki begani. Ndani ya mfuko kulikuwa na barua, na kitabu kirefu ambacho kila aliyepokea barua alitia sahihi. Alikuwa Mgogo na mimi Mhehe, kwa hiyo tulikuwa watani, na tangu wiki yangu ya kwanza hatukuwahi kuitana jina lingine.

"Mbukwa, mtani!" angesema akiingia. "Leo mmekula mbwa gani huko Iringa?"

"Shikamoo, mtani. Wa kwetu wamekwisha, nasubiri wa kwenu wa Mlali wanenepe."

"Marahaba. Utasubiri sana, wetu wana mbio."

Hivyo kila asubuhi. Nisipomtania, alirudi kuniuliza kama naumwa. Alikaa na mkewe katika nyumba ya ofisi kule Msalato, nyuma yake kukiwa na kiwanja alichokifanya shamba la mtama. Wote tulijua mpango wake, maana alikuwa akiusimulia kwa yeyote aliyekaa tuli: mwaka huu wa mwisho angelima, angevuna mwezi wa sita, Julai angestaafu, na angerudi Mlali na magunia yake juu ya lori kama mtu aliyetoka kazini, wala si kama mtu aliyefukuzwa. Gunia la kwanza lilikuwa la shemeji zake, waliowahi kusema kwamba tarishi hawezi kulisha watu.

Mvua za mwaka ule ziliwahi. Mtama wake ulikuwa umefika vifundo vya miguu Krismasi ilipopita. Tarehe ishirini na tisa Desemba alikuja mezani kwangu bila mzaha wowote, akaniwekea karatasi.

"Nimejipelekea mwenyewe," alisema. "Nimejitilia sahihi pale pale kwenye kitabu. Nisomee vizuri, macho yangu yasije yakawa yananitania."

Ilikuwa barua ya kustaafu, nzuri, yenye herufi kali za printa ya jengo jipya. Ilisema kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu amezaliwa tarehe 7 Januari, kwa hiyo utumishi wake utakoma tarehe hiyo atakapotimiza umri wa kustaafu, na nyumba aiache mwisho wa mwezi. Orodha ilikuwa imetoka kwenye kompyuta, bosi akasaini barua zote kwa pamoja.

"Mtani," alisema, "mimi sijui kusoma sana. Lakini mama yangu aliniambia alinizaa wakati wa kuvuna. Aliniweka chini ya dungu la kulindia ndege, akaendelea kukata masuke. Januari sisi tunapalilia. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kuvuna Januari."

"Nitaangalia, mtani," nikamwambia.

Niliangalia, na haikunichukua hata robo saa. Kwenye mashine yangu ya kijivu alikuwa 1/7. Nikavuka uwanja hadi kwa mwenzangu, tukamfungua kwenye mashine nyeupe: Januari saba. Tukamfungua dereva mmoja: Januari saba. Mpishi, Januari saba. Ukurasa mzima wa watu wazima waliozaliwa siku moja, nayo haikuwa siku yao. Mashine nyeupe zilitoka nchi ambako mwezi hutangulia siku. Zilipoona moja na saba, zilisoma kama watu wa huko walivyozoea kusoma. Tarehe zenye siku kubwa kuliko kumi na mbili zilikataliwa na tukazirekebisha kwa mkono mwezi mzima, tukidhani ni makosa ya uchapaji. Hizi nyingine zilipita kimya kimya.

"Wewe uliandika namba bila kusema ipi ni siku," mwenzangu alisema, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akipandisha sauti.

"Na wewe uliiachia mashine ikusomee!"

"Nilikwambia tuandike moyo mmoja."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikafanya jambo baya kuliko maneno yale. Nilimwomba tusiseme. Wafadhili wanakuja baada ya mwaka mpya, nikasema, bosi ametutegemea, tukisema sasa programu imekosea mradi wote utafungwa. Wageni wakiondoka tutarekebisha. Mwenzangu alinitazama. "Na yule mzee?" Nikasema mzee ana nyumba mpaka mwisho wa mwezi. Aliniambia yeye atanyamaza mpaka wageni wafike, lakini wakishafika hataweza tena, kwa kuwa atakuwa anadanganya kwa mdomo. Nilikubali, nikiamini nitapata njia.

Niliogopa, ndiyo kweli yenyewe. Niliogopa kurudi Iringa na cheti changu nikiwa yule msichana aliyeharibu kompyuta za wazungu. Siku zikaenda. Kila nikisikia kengele ya baiskeli uani nilikumbuka kitu cha kufanya chumba kingine. Mzee hakuuliza tena. Alikuwa mtu wa barua. Maisha yake yote alikuwa amepeleka barua za uhamisho, za onyo, za rambirambi, na hajawahi kuona barua yenye mhuri ikirudi ilikotoka. Baadaye mkewe aliniambia kwamba siku ile ile aliyoisoma aliliweka jembe juu ya dari. Nyumba ingepewa mtu mwingine na kiwanja pamoja nayo; apalilie kwa ajili ya nani?

Wageni walifika tarehe saba yenyewe. Tuliwekwa wote jengo jipya, kiyoyozi kikipuliza, bosi akiwa na tai, soda zimepangwa. Akawaeleza jinsi zamani kazi ya wiki nzima ilivyokuwa sasa inafanyika kwa dakika, kisha akanigeukia. "Waonyeshe barua ya kustaafu inavyotoka."

Nikakaa kwenye kiti. Dirishani, ng'ambo ya mlingoti, niliona tarishi anaifuta baiskeli. Alikuwa na tambara na kopo la mafuta, anafuta mpaka njiti za magurudumu, moja moja, maana siku hiyo alikuwa anaikabidhi kwa ofisi. Mfuko wa kaki ulikuwa umekunjwa juu ya tandiko.

"Siwezi kuionyesha," nikasema. "Barua zinazotoka humu ni za uongo."

Bosi alidhani sijamwelewa. Ikabidi niseme yote, nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: tarehe, namba, mashine mbili, na tangu lini najua. Hapo pa mwisho ndipo palinishinda, nikapasema kwa sauti ndogo. Mmoja wa wageni alicheka, akasema kweli kwao mwezi hutangulia. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Kompyuta haikosei," bosi alisema polepole. "Ndivyo mlivyoniambia nyinyi wenyewe. Sasa mashine ipi kati ya hizi inasema kweli?"

Mwenzangu akajibu kabla yangu. "Hakuna, mzee. Kweli iko masijala."

Mama wa masijala aliitwa. Alikuja na jalada moja chini ya kwapa kama mtu aliyekuwa ameshaliandaa, akalifungua ukurasa wa chini kabisa, karatasi imekuwa rangi ya chai. Wino wa bluu, mwandiko wa mtu aliyekwishakufa: 1 Julai. Bosi alivaa miwani akasoma mwenyewe, kisha akasoma tena. Alikuwa mkali lakini hakuwa mtu mbaya. Aliwaomba radhi wageni, akatoka nje, na barua zote za kufuta zile za kwanza zilichapwa kwa taipureta ya zamani mchana ule, mwezi umeandikwa kwa maneno.

Hapakuwa na wa kuzipeleka, tarishi ameshakabidhi. Ikabidi arudishiwe baiskeli. Nilimwona akiipokea barua yake, akaisoma kwa kidole, akafungua kile kitabu kirefu na kujitilia sahihi.

Sisi tuliambiwa tuandike upya. Adhabu yangu ilikuwa kukaa masijala miezi sita, nikilinganisha kila orodha na majalada, chini ya macho ya mama wa miwani ya kamba. Hakunisema hata siku moja. Aliniwekea chai. Ilikuwa afadhali angenisema.

Programu ya pili tuliiandika kama mwenzangu alivyotaka tangu mwanzo. Tulitumia lugha ambayo mashine zote mbili ziliielewa, tukaandika moyo mmoja, ndani yake siku ni siku, mwezi ni mwezi, na hakuna mashine inayoulizwa maoni yake. Mashine tuliziachia mambo yao: kuchora visanduku, kupokea herufi, vitufe vikae wapi. Hayo kila moja ilifanya kwa desturi ya kwao na watumiaji wakafurahi, maana waliona kitu walichokizoea. Kwenye kioo mwezi ulionekana kwa jina. Na kabla ya kuingiza mtu yeyote tulimwingiza tarishi, huku na kule, tukahamisha disketi mara kumi kwenda na kurudi ili tuone kama atabaki mtoto wa Julai. Mpaka leo, kwenye kila mashine mpya, huyo ndiye mtu wangu wa kwanza.

Lakini kabla ya hayo yote, Jumamosi ya kwanza baada ya wageni kuondoka, tulikwenda Msalato na majembe, mimi, mwenzangu na mama wa masijala. Nyasi zilikuwa zimeufunika mtama mpaka ukawa wa njano. Tulipalilia toka asubuhi hadi jua la mchana lilipotushinda. Mzee alitutania wote. Mimi aliniambia Wahehe ni hodari wa kupigana, lakini na nyasi hatujawahi kupigana. Mkewe alitupa ugali wa uwele na mlenda. Mikono yangu ilitoka malengelenge, nikajiona nimelipa.

Mvua zile zilizowahi kuja ziliwahi pia kuondoka. Mwishoni mwa mwezi wa sita aliniita nikaone mavuno. Upande wa mbele, alikokuwa amepalilia kabla ya barua, masuke yalikuwa yamejaa, yameinama. Kuanzia katikati hadi mwisho wa kiwanja mtama ulikuwa mfupi, wenye masuke kama vidole vya mtoto, mengine matupu. Magunia yalikuwa mawili na kitu. Alikuwa ametaja matano mwaka mzima. Gunia la shemeji zake lingekuwa nusu ya alichonacho.

Nilisimama pale nikaona ni lazima niseme. Sikujua kama bosi au mtu mwingine alishamwambia. "Mtani, mimi nilijua tangu siku ile ulipoleta barua. Siku ile ile. Nikanyamaza siku tisa."

Alikuwa anafunga mdomo wa gunia kwa kamba ya katani. Hakuacha kufunga.

"Najua," alisema. "Tangu siku ile ulikuwa huniulizi hata habari ya mbwa. Nikamwambia mama watoto, mtani akiacha kukutania, kuna kitu chako amekishika."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nasubiri ukilete mwenyewe. Kazi ya kupeleka vitu naijua, mtu hakimbizwi." Akavuta kamba, akainuka, akaninyooshea mkono upande ule wa mtama mfupi. "Ile mistari ya mbele ni yangu. Ile ya kule ndiyo siku zako tisa, mtani. Zihesabu."

Alicheka, kwa kuwa ulikuwa utani, na utani hujibiwa kwa utani. Alisubiri nijibu. Mimi nilishindwa.